Bibi Atiya Fyzee na Daftari Lake la Safari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, waume kwa wake, siku ya kumbukumbu ya chama)



Desturi ya siku ya kumbukumbu ni kuwataja waliotangulia. Hutajwa aliyetoa kiwanja cha msikiti, hutajwa aliyeleta mabati, hutajwa na mwalimu aliyesomesha darasa la kwanza la madrasa chini ya mti kabla ya kuwa na jengo. Ni desturi njema, kwani asiyewakumbuka wazee wake hana la kuwaachia wanawe. Lakini hotuba ya leo inamhusu mtu ambaye hakuacha katika nchi hizi za Maziwa jiwe wala mti. Ni mwanamke wa Kiislamu wa Bara Hindi, jina lake Atiya Fyzee, aliyekwenda Uingereza mwaka 1906 kujifunza ualimu. Amechaguliwa kwa sababu maisha yake yanaligusa swali lisiloisha kuulizwa katika nyumba za Waislamu: binti amefaulu, chuo kiko mbali, ndugu wamegawanyika, je, aende au abaki?

Bibi Atiya alizaliwa mwaka 1877 katika mji wa Istanbul, makao ya Sultani wa Uturuki, kwa kuwa baba yake, Hasanally, alikuwa mfanyi biashara aliyefuata biashara yake huko. Asili yao ilikuwa Bombay, mji uitwao leo Mumbai, nao walikuwa Mabohora wa Sulaimani, katika ukoo mashuhuri wa akina Tyabji. Mzee wa ukoo huo, Tyab Ali, alianza maisha yake katika ufukara akiuza vitu vidogo vidogo, na kwa juhudi na uaminifu akaishia kuwa tajiri wa kutajika. Mwanawe mmoja, Badruddin Tyabji, alisomea sheria Uingereza, akawa jaji wa Mahakama Kuu ya Bombay, na mwaka 1887 alikuwa Rais wa mkutano wa Congress ya Bara Hindi.

Jambo moja katika ukoo huu linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndilo mzizi wa kisa chote. Nyumba zao zilikuwa na vitabu vikubwa vilivyoitwa akhbari, neno lile lile ambalo katika Kiswahili limekuwa khabari. Kila mtu wa nyumbani, mwanamume kwa mwanamke, aliruhusiwa kuandika humo mambo yaliyotokea: nani amezaliwa, nani ameugua, nani amesafiri, na ni jambo gani limejadiliwa barazani. Binti aliyejua kuandika aliandika kwa mkono wake mwenyewe, na maneno yake yakasomwa na baba zake na ami zake. Hivyo binti wa ukoo huo alikua akijua kwamba analoliona laweza kuwekwa katika maandishi, na kwamba likiandikwa litasomwa.

Wanawake wa ukoo huo hapo kwanza walikuwa wakitawa, yaani wakikaa ndani bila kuonekana na wanaume wasio maharimu wao, kama ilivyokuwa kwa waungwana wengi wa Bara Hindi na wa pwani yetu pia. Mwishoni mwa karne ya 19 wengi wao waliuacha utawa ule mkali. Hawakuiacha stara, waliendelea kufunika vichwa na kuvaa mavazi marefu, ila uso uliachwa wazi. Jambo hilo halikupita bila maneno. Wapo waliosema kuwa ni kuvunja ada, na wapo waliojibu kuwa ada na dini ni vitu viwili, na kwamba hekima ni kupambanua kipi kimeamriwa na kipi kimezoewa tu.

Atiya alikuwa na dada wawili waliokuwa wakubwa kwake, Zehra na Nazli. Nazli aliolewa na Nawabu Sidi Ahmad Khan, mtawala wa Janjira, na hapa msikilizaji wa Kiafrika hana budi kutega sikio. Janjira ni kisiwa kidogo kilicho kusini ya Bombay, chenye ngome iliyozungukwa na maji ya bahari pande zote. Watawala wake waliitwa Masidi, na asili yao ilikuwa ni Waafrika, watu wa Uhabeshi na pwani za jirani, waliofika Bara Hindi kwa njia ya biashara, ya ubaharia, ya uaskari na ya utumwa. Walipanda cheo kwa ushujaa wao baharini mpaka wakawa wenye nchi. Majeshi ya Wamaratha yaliishambulia ngome yao mara nyingi, yasiweze kuiteka. Utawala huo ulidumu mpaka mwaka 1948, nchi yao ilipounganishwa na India huru. Kwa hiyo, dada wa Bibi Atiya alikuwa mke wa mfalme mwenye damu ya Afrika. Yapasa likumbukwe na kila anayedhani kwamba Mwislamu wa Kihindi na Mwislamu wa Kiafrika walikutana kwa mara ya kwanza kwenye kaunta ya duka.

Mwaka 1906 Serikali ya Bara Hindi ilimpa Bibi Atiya msaada wa masomo, ili aende London kujifunza kufundisha. Wakati huo umri wake ulikuwa miaka 29, naye alikuwa bado hajaolewa. Katika skuli za wasichana wa Kiislamu upungufu mkubwa ulikuwa wa waalimu wanawake, kwani wazee wengi hawakukubali binti zao wafundishwe na wanaume, na wanawake waliosomea ualimu walikuwa wachache mno. Aliyetaka mabinti wasome bila kuiacha stara hakuwa na njia ila kumtoa kwanza mwanamke mmoja aende akasome, apate kurudi kuwasomesha wenzake. Hilo ni fundo ambalo hata leo halijafunguka kila mahali.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, Jaji Badruddin Tyabji alifariki dunia kwa ghafula, naye akiwa London. Msiba huo uliugusa ukoo mzima. Ingekuwa rahisi kusema kwamba mwaka huu ni wa matanga, safari na ingoje. Haikungoja. Mwezi wa Septemba Bibi Atiya alipanda meli ya moshi kutoka Bombay, akavuka Bahari ya Hindi, akapitia Bahari ya Sham na Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, akaelekea Ulaya.

Kabla ya kuondoka palikuwa na mapatano kati yake na dada yake Zehra. Atiya angeandika kila siku mambo anayoyaona, kama ilivyokuwa ada ya vitabu vya akhbari nyumbani, na angeyapeleka kwa posta. Zehra angeyapokea, angeyasahihisha kidogo, kisha angeyapeleka Lahore katika gazeti la Kiurdu liitwalo Tahzib un-Niswan. Gazeti hilo lilianzishwa mwaka 1898 na Bibi Muhammadi Begum pamoja na mumewe, Sayyid Mumtaz Ali, nalo lilikuwa gazeti la wanawake, lililosomwa ndani ya nyumba na wengi ambao hawakuwahi kutoka nje ya ua. Mwanamke mmoja alivuka bahari, na kwa kalamu yake wengine wengi wakavuka naye wakiwa wamekaa majamvini mwao.

Chuo alichopelekwa kiliitwa Maria Grey Training College, kilichoanzishwa mwaka 1878 kwa ajili ya kuwafundisha ualimu wanawake, na wakati huo kilikuwa Brondesbury, kaskazini-magharibi ya London. Mkuu wake alikuwa mwanamke, Miss Alice Woods. Masomo yalikuwa ya namna mbili. Kwanza mwanafunzi alisikiliza mafundisho juu ya akili ya mtoto, juu ya afya, na juu ya utaratibu wa kufundisha. Pili alisimama mbele ya watoto wa Kiingereza, akafundisha huku akiangaliwa na kusahihishwa. Mtu aliyezoea kuambiwa Begum na kupishwa njia sasa alikuwa mwanafunzi miongoni mwa wanafunzi, akifuata kengele.

Maisha ya kila siku katika mji ule hayakuwa mepesi kwa mtu wa nchi ya jua. London ya miaka ile ilipata joto lake kwa makaa ya mawe. Moshi wa majiko elfu na elfu ulichanganyika na unyevu wa hewa, ukafanya ukungu mzito wa rangi ya manjano, hata mchana taa zikawashwa. Katika mwezi wa Desemba jua la huko huchomoza saa mbili za asubuhi na huchwa kabla ya saa kumi za jioni. Sala ya adhuhuri, ya alasiri na ya magharibi husongamana katika saa chache, na mwenye kushika vipindi hana budi awe mwangalifu sana wa saa yake, kwani hakuna adhana ya kumkumbusha.

Ramadhani ya mwaka 1324 wa Hijra ilianza mwezi wa Oktoba 1906, na Idi ikaangukia mwezi wa Novemba. Ndiyo Ramadhani iliyomkuta Bibi Atiya ugenini. Katika mji wote wa London, mkubwa kupita yote duniani kwa wakati ule, hapakuwa na msikiti hata mmoja uliojengwa kwa kazi hiyo. Msikiti wa karibu ulikuwa Woking, mji mdogo ufikiwao kwa gari la moshi, uliojengwa mwaka 1889. Nao ulikuwa umefungwa kwa muda mwingi tangu aliyeujenga, Daktari Leitner, alipofariki mwaka 1899, mpaka ulipofufuliwa mwaka 1913 na Khwaja Kamal-ud-Din. Sehemu kubwa ya fedha za kuujenga ilitolewa na Shah Jahan, Begum wa Bhopal, mwanamke aliyetawala nchi yake mwenyewe katika Bara Hindi, na mpaka leo msikiti huo unaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo, msikiti wa kwanza kujengwa kuwa msikiti katika Uingereza umetokana na sadaka ya mwanamke wa Kihindi ambaye mwenyewe hakupata kuuona. Wenye kuuliza wanawake wana sehemu gani katika ujenzi wa misikiti na wapime jibu hilo.

Kuhusu mavazi, Bibi Atiya hakuyaacha ya kwao. Alitembea London akiwa amevaa nguo zake ndefu za Kihindi, na mtandio umefunika kichwa. Watu walimtazama sana njiani. Kila aliyewahi kutembea katika mji ambao hakuna mwingine aliyevaa kama yeye anajua uzito wa macho hayo. Yeye aliuchukua uzito huo bila kuugeuza kuwa ugomvi wala kuwa aibu. Jambo hili lina mafunzo ya namna mbili. Kwa waliohofu kwamba elimu ya Ulaya itamvua binti nguo zake, hapa pana binti aliyekwenda na kurudi na mtandio wake kichwani. Na kwa waliodhani kwamba bila kumfunika uso hakuna heshima, hapa pana binti aliyeheshimiwa uso ukiwa wazi, kwa sababu ya mwenendo wake.

Daftari lake halikuwa la kulalamika, wala halikuwa la kusifu kila kitu cha Mzungu. Aliona mazuri akayataja: utaratibu wa kazi, thamani ya wakati, wanawake wanaofanya kazi na kujitegemea, skuli ambazo mtoto hufundishwa kufikiri, si kukariri tu. Hakuona haya kuwaambia wasomaji wake kwamba mambo hayo yanafaa kuigwa. Lakini alijivunia pia Uislamu wake na nchi yake, na alipokutana na Wazungu waliodhani kwamba mwanamke wa Kiislamu ni mtu asiyejua kitu, kuwapo kwake mbele yao kulikuwa jawabu tosha.

Hakukosa watu wa kumkirimu. Wahindi wakubwa waliokuwa London walimwalika, naye alikutana na watawala, matajiri na wanafunzi. Tarehe 1 Aprili 1907, nyumbani kwa Miss Beck, mama wa Kiingereza aliyekuwa akiwaangalia wanafunzi wa Kihindi, alikutana na kijana kutoka Punjab aliyekuwa akisoma Cambridge, jina lake Muhammad Iqbal, ambaye baadaye alikuja kuwa mshairi na mwanafalsafa mkubwa wa Waislamu wa Bara Hindi. Mwezi wa Agosti mwaka huo Bibi Atiya alikwenda Ujerumani, katika mji wa Heidelberg, alikokuwa Iqbal akijifunza Kijerumani ili kutimiza shahada yake. Walizungumza juu ya falsafa, ushairi na hali ya Waislamu, na wakaandikiana barua baada ya hapo. Watu walisema mengi juu ya urafiki huo, kwani ulimi wa watu hauna likizo. Bibi Atiya hakuwajibu kwa maneno. Miaka 40 baadaye, mwaka 1947, Iqbal akiwa amekwisha kufa, alizitoa barua hizo katika kitabu, kila mtu azisome mwenyewe: zikaonekana ni mazungumzo ya akili mbili zilizoheshimiana.

Lakini haingekuwa haki kusimulia maisha ya wanawake wa Kihindi ugenini kwa kumtaja Begum peke yake. Katika London ile ile, upande wa mashariki ya mji, huko Hackney, palikuwa na nyumba iliyoitwa Nyumba ya Maaya. Aya ni mlezi wa watoto, na neno lenyewe linafanana sana na neno letu yaya. Familia za Kiingereza zilizorudi kwao kutoka Bara Hindi zilichukua aya ili alee watoto melini. Wakiisha kufika, wengine walipewa nauli ya kurudi kwao, na wengine waliachwa tu, mwanamke peke yake katika mji wa baridi, bila fedha na bila lugha. Nyumba hiyo, iliyosimamiwa na wamisionari, iliwapokea mpaka wapate familia nyingine inayokwenda Bara Hindi, na safari ianze tena. Walikuwamo waliovuka bahari mara nyingi kuliko mabaharia. Mwaka 2022 kibao cha ukumbusho kiliwekwa juu ya nyumba hiyo ya Hackney, ili wapitao njia wajue.

Wanawake hao walikuwa London katika mwaka ule ule aliokuwako Bibi Atiya. Waliona ukungu ule ule, walitazamwa njiani kwa macho yale yale. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na kalamu, na dada wa kumpelekea alichoandika. Wao waliona mengi, pengine mengi zaidi, lakini waliyoyaona yalikwenda nao kaburini. Leo mwenye kutafuta khabari zao hana budi kuokota jina hapa na jina pale katika orodha za abiria wa meli, na mara nyingi hata jina si lake, ila ni jina la bwana aliyemwajiri.

Katika mwaka ule 1907 afya ya Bibi Atiya ilidhoofika. Masomo hakuyamaliza. Alirudi Bombay bila ile hati ya ualimu iliyompeleka, na bila shaka walikuwapo waliosema: Hatukusema? Fedha zimekwenda, wakati umekwenda, na cheti hakuna. Maneno hayo ni maarufu hata katika miji yetu. Binti akirudi kabla ya kumaliza, husemwa kana kwamba alikwenda bure, na mabinti watatu wengine hunyimwa safari kwa ajili yake.

Lakini tazama kilichobaki. Daftari lake lilikuwa limekwisha kusomwa kila juma na wanawake wa miji mingi. Mwaka 1921 lilichapishwa kuwa kitabu, kikaitwa Zamana-i-Tahsil, yaani wakati wa kutafuta elimu. Angalia busara ya jina hilo: halisemi wakati wa kupata cheti. Na mwaka 2010, zaidi ya miaka 100 tangu safari yenyewe, kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza pamoja na maelezo ya wataalamu, kikasomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Cheti ambacho angelikipata kingelikuwa kimekwisha kuliwa na mchwa. Khabari za kila siku, alizomwandikia dada yake, ndizo zilizodumu.

Wala hakukaa bure aliporudi. Mwaka 1908 alisafiri tena Ulaya pamoja na dada yake Nazli na shemeji yake Nawabu wa Janjira, na Nazli naye akaandika kitabu cha safari hiyo kwa Kiurdu. Alitetea elimu ya wasichana wa Kiislamu, wakati skuli ya wasichana ya Aligarh, iliyoanzishwa mwaka 1906 na Sheikh Abdullah na mkewe Wahid Jahan, ilipokuwa bado changa. Mwaka 1912 aliolewa na Samuel Rahamin, mchoraji hodari wa picha, aliyetoka katika jamaa ya Kiyahudi ya Bara Hindi na kusilimu. Kwa ada ya watu wengi mke ndiye huchukua jina la mume. Wao waliyaunganisha majina yao mawili, kila mmoja akaitwa Fyzee-Rahamin. Mwaka 1914 alitoa kitabu kwa Kiingereza juu ya muziki wa Bara Hindi, mume akakitia picha, kisha wakasafiri Ulaya na Marekani kueleza sanaa za kwao.

Mwisho wake haukuwa wa raha, na si haki kuuficha. Baada ya nchi kugawanyika mwaka 1947, alihamia Karachi pamoja na mumewe na dada yake Nazli, kwa mwaliko wa Muhammad Ali Jinnah, aliyekuwa amewafahamu tangu Bombay. Jinnah alifariki mwaka 1948, na waliokuja baada yake hawakuwa na haja na wazee hawa. Waliipoteza nyumba waliyoikusudia iwe makao ya sanaa, wakaishi miaka yao ya mwisho katika dhiki, wao waliozaliwa katika neema na kukaa meza moja na wafalme. Mumewe alifariki mwaka 1964, Bibi Atiya mwaka 1967, na Nazli mwaka 1968. Mali iliondoka, cheo kiliondoka, nyumba iliondoka. Hayo ndiyo mambo ya dunia, na kila Mwislamu ameonywa nayo.

Mabibi na mabwana, kisa hiki kinasomwa hapa kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni lile swali la binti na chuo cha mbali. Kisa cha Bibi Atiya hakisemi kwamba kila binti na aende popote, wala hakisemi kwamba safari haina hatari. Kinaonyesha mambo yaliyomsaidia. Alikwenda na baraka za watu wake, si kwa kutoroka. Alikwenda akiwa anaijua dini yake kabla ya kuondoka, hata asipate kuyumbishwa na kila aonalo. Alifikia katika chuo chenye wasimamizi, na kila alilolifanya alilijua dada yake kwa barua. Na alipougua, alipokewa nyumbani bila kufungiwa mlango. Wazee wanaojiuliza kama binti aende, na wajiulize kwanza kama wao wametimiza sehemu yao katika mambo hayo manne. Aliyeyatimiza amefunga mzigo vema. Asiyeyatimiza asimlaumu binti mzigo ukimwagika njiani. Imekubaliwa na wanazuoni wote kwamba kutafuta elimu ni wajibu, na kwamba neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume, rehema na amani zimshukie, lilikuwa amri ya kusoma. Amri hiyo haikugawanywa kwa waume na kwa wake.

Sababu ya pili ni ile khabari ya kalamu. Katika miji hii ya Maziwa, Kampala na Bujumbura, Kigali na Bukavu, waliishi wanawake waliotoka mbali sana. Wapo waliotoka Kutch na Gujarat kwa jahazi na kwa meli, wakashuka Unguja au Mombasa, wakapanda gari la moshi mpaka ziwani, kisha wakaendelea bara na waume zao kufungua duka mahali pasipo na jirani wa lugha yao. Walijifunza Kiswahili kwa wateja wao, wakapika vyakula vya kwao kwa viungo vya sokoni hapa, wakazaa watoto bila mama zao karibu. Wapo waliotoka Tabora, Ujiji, Unyanja na Manyema, wakifuata waume zao au wakiwa na mizigo yao wenyewe kichwani. Hao na hao walisali safu moja, wakasaidiana arusini na msibani. Wengi wao leo hawakumbukwi hata kwa majina: huyu aliitwa mama wa duka fulani, yule mke wa fulani fundi, na mwingine mama fulani, kwa jina la mtoto.

Na kuna waliofukuzwa. Mwaka 1972 Wahindi wa Uganda walipewa siku 90 kuondoka, nao wakaondoka na kile walichoweza kuchukua, wakaenda Uingereza, Kanada na kwingineko. Mabibi waliokuwa wameuzoea ugenini wa kwanza hata ukawa nyumbani, walianza ugenini wa pili uzeeni. Walijua mambo ya miji hii ambayo hayamo katika kitabu chochote, na kila mwaka mmoja wao hufariki nayo.

Kitabu cha kumbukumbu cha chama kimejaa picha za wenyeviti, makatibu na waweka hazina, nao wanastahili. Lakini waliopika futari ya msikiti kwa miaka 30, waliowaosha maiti wanawake, waliowafundisha watoto alifu na be kabla hawajafika kwa mwalimu, picha zao ni chache na maneno yao hayamo kabisa. Jambo hilo linaweza kurekebishwa bila gharama kubwa. Kila nyumba na iweke daftari moja, kama zile akhbari za akina Tyabji. Binti aliye skuli na aketi na bibi yake usiku mmoja katika juma, amwulize: ulifika vipi hapa, uliona nini njiani, ulilia lini, ulicheka lini, na aandike kwa maneno ya bibi mwenyewe. Isingojwe mpaka bibi awe hajiwezi kusema.

Bibi Atiya hakurudi na cheti, na mwisho wa umri wake hakuwa na nyumba. Alichoacha ni khabari za siku moja moja, alizomwandikia dada yake kwa upendo. Chama hiki kitakapokutana katika kumbukumbu nyingine, Insha Allah, na ziletwe mezani hapa daftari za nyumba hizi, ili wajukuu wasome kwa mkono wa bibi zao.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, waliotajwa na wasiotajwa, na awape mabinti wa umma huu elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi taufiq.